Dumu la Karama

Mawese yakidondokea karatasi, hayaichani wala hayaiozeshi, huigeuza kioo. Nakala yetu ya Kusadikika, riwaya ya Shaaban Robert ya mwaka 1951, ilirudi Burundi ikiwa safi kabisa, ndani ya mizigo ya familia kutoka Ulyankulu, Tabora, ambako Warundi wengi walipewa makazi baada ya kukimbia mauaji ya 1972. Ilipofika Rumonge ikapangwa rafu moja na dumu la mawese. Aliyeipanga simtaji, kwa sababu bado ananipikia. Sasa pande mbili za karatasi husomeka kwa pamoja, ule wa nyuma kinyumenyume, na Waziri Majivuno akianza tu kumshtaki Karama, mjumbe wa kurasa za mbele anakatiza katikati ya sentensi akiwa safarini.

Hata hivyo napenda kitabu cha karatasi. Ubaya wake huku kwetu ni kwamba mtu mwenye kitabu huonekana mtu asiye na kazi. Ukifungua tu, unatumwa sabuni, ukirudi, chumvi.

Ndiyo maana binamu yangu, mwalimu huko Kigoma, alipojitolea kunisomea kwa simu na kunitumia sauti kidogokidogo, nilikubali upesi. Ningesikiliza huku nageuza ndagala juani, na nani angemtuma mtu anayegeuza ndagala? Binamu husoma vizuri, kwa sauti ya mahakamani, ingawa jogoo wake humjibu.

Visikilizio nilivyonunua sokoni vilikuwa na sikio moja zima, nalo likazimika mapema. Nikaweka sauti ya wazi. Hapo ndipo nilipojua kwamba kwetu hakuna kusikiliza peke yako. Shangazi alisogeza mkeka. Jirani akaja na mtoto mgongoni. Mwezi ulipokomaa wakaja na wavuvi, maana ndagala hufuata taa usiku wa giza, na mbalamwezi ikiwaka hakuna sababu ya kuingia ziwani. Kila aliyechelewa alidai haki yake: "Rudisha nyuma, mwanangu, sisi hatukusikia." Karama akashtakiwa upya kila jioni, kwa kosa lilelile la kufundisha uanasheria. Mvuvi mmoja akasema mshtakiwa anaongea mno, angeomba radhi akalale.

Kwa karatasi, ukitaka kurudia mstari unarudia tu, huhitaji ruhusa ya kijiji.

Tena mtandao wetu una tabia yake. Hukaa kimya mchana kutwa, kisha sauti zote zinaingia kwa mkupuo, za kitabu na za salamu. Jioni moja Karama yumo katikati ya utetezi wake, baraza limetulia, ikafuata sauti ileile, kwa heshima ileile: "Na lile dumu la mawese usilisahau. Lisiwe la zamani."

Kimya.

"Anamhonga mfalme," mzee mmoja akatamka.

"Kwa mawese yetu?" Shangazi akadakia. "Basi huyo mwandishi alikuwa anatujua."

Nikaeleza kwamba huyo ni binamu, si Karama. Shangazi akaniuliza kama nilikuwepo mahakamani. Nikaeleza tena, polepole, kwamba Kusadikika ni nchi ya kubuniwa, inaelea angani. Mvuvi akataka kujua dumu litapandaje huko. Wenzake wakamnyamazisha: kesi ni nzito, maswali baadaye.

Wakachanga. Aliyekuwa na chupa akaleta chupa, mwenye kikombe akamimina kikombe, na dumu likajaa mawese mapya kuliko yote yaliyowahi kuingia nyumbani kwangu. Likapakiwa kwenye boti ya Kigoma, nami nikabaki na kazi ya kusubiri jibu pamoja na mkutano mzima.

Jibu likaja, jogoo akitangulia: "Nimepokea. Mungu awabariki, mmeniokoa."

Mzee akasimama, akajikung'uta mchanga kwenye suruali.

"Ameachiwa," akasema. "Twendeni tukalale."