Kumtafutia Mzee Mwenye Ndevu Wapangaji

Kabla ya kununua hata mche mmoja, mjue baba mwenye nyumba. Irisi yenye ndevu huchanua kati ya Mei na Juni katika bustani nyingi za Ulaya na Amerika Kaskazini. Wiki mbili; tatu akijitahidi. Petali tatu zimesimama, tatu zimening'inia, na juu ya kila iliyoning'inia kuna mstari wa manyoya unaomwonyesha nyuki pa kuingilia. Kwa utumishi huo mfupi mzee anadai jua la moja kwa moja si chini ya saa sita kwa siku, udongo usiotuamisha maji, na heshima ya mwaka mzima. Kazi yako ni kumtafutia wapangaji watakaopendezesha kiwanja miezi yote iliyobaki, bila kumfunika, bila kumzidi kimo upande wa jua, na bila kuomba maji mbele yake.

Kama unasoma haya ukiwa Tanga au Mombasa, endelea na chai yako. Irisi hii inahitaji baridi ya kweli ndipo ichanue. Joto la pwani litakupa majani, kisha uozo. Mwongozo huu ni wa yule shemeji aliyehamia Ohio, akapata nyumba yenye ua unaotazama kusini, na sasa kundi la familia halipumui kwa picha za maua.

Shemeji, anza kwa kuelewa kwa nini mzee hulala kifua wazi. Shina lake nene halifukiwi. Linalala juu ya ardhi, mgongo nje, likiota jua. Mizizi ndiyo inayoingia chini. Watu wenye huruma hupita wakalifunika kwa matandazo ya vipande vya mbao, wakidhani wamemsitiri. Fanya hivyo kama una hamu ya kujua uozo laini unanukaje. Bakteria huingilia kwenye kidonda, hustawi kwenye unyevu, na shina lililokuwa gumu linageuka uji ambao pua haiusahau. Basi swali la usaili si rangi ya mgeni. Ni hili: anaweza kukaa karibu na mzee aliyevua shati bila kumtupia kanga begani?

Usaili huo unawaangusha wengi wenye sifa nzuri. Stachys byzantina, yenye majani ya kijivu laini ambayo kila mtoto hutaka kuyapapasa, inapendeza mno ubavuni mwa irisi ya zambarau, hasa katika picha zilizopigwa mwaka wa kwanza. Mwaka wa pili imeshatambaa hadi kwenye shina, na majani yake ya manyoya yanatunza umande vizuri sana. Hosta anataka kivuli na mzee anataka jua. Wapeni talaka kabla ya posa. Mnanaa ukiupa chumba, baada ya muda utaanza kupokea barua zako. Waridi ana hadhi, na Waingereza wamemkalisha na irisi tangu zamani, lakini anapenda kula na kunywa. Naitrojeni inayomnenepesha yeye humpa mzee majani mengi na mwili teketeke ambao uozo unaupenda. Ukishindwa kumkatalia, mpangishe mbali kiasi kwamba mbolea yake isivuke mpaka.

Wanaobaki ni waliozoea ukame, na juu yao wote namweka alliamu, ndugu wa kitunguu anayepandwa kwa ajili ya ua. Huyu ndiye mpangaji aliyeumbwa kwa kusudi. Chumba chake kiko chini ya ardhi. Unamzika vuli ya huko, majani ya miti yanapopukutika, sentimita kumi na zaidi kwenda chini, kisha unamsahau. Allium 'Purple Sensation' hutoka pamoja na irisi kwa kijiti kitupu chenye tufe la zambarau juu, hivyo kivuli chake hakimfiki mtu. Majani yake huanza kunyauka vibaya wakati huohuo wa kuchanua, aibu ambayo majani mapana ya irisi huisitiri bila kujua kwamba yanasaidia mtu. Kiangazi kikiingia, balbu inalala na kutaka pakavu. Hana ugomvi, hana mahitaji, na harufu yake ya kitunguu huitoa pale tu unapomwonea.

Salvia nemorosa naye anafaa, kwa kuwa husimama wima. Nepeta ni mchangamfu, huchanua upya ukimkata, ila ana tabia ya kulalia watu. Mpe nusu mita. Lavenda anapenda udongo ule ule wenye njaa, lakini akizeeka ni kichaka. Na kwa nusu ya kaskazini ya dunia, warefu wote wakae kaskazini ya mzee. Jua linamulika kutoka kusini, na yeye anajua.

Kuhusu rangi, watakuletea mfano wa Vincent van Gogh. Mei 1889, akiwa katika hospitali ya wagonjwa wa akili huko Saint-Rémy, alichora irisi za buluu zikiwa zimebanana, na nyuma yake maua ya rangi ya chungwa. Mchoro huo uliuzwa mwaka 1987 kwa dola milioni 53.9 na sasa uko katika makumbusho ya Getty, Los Angeles. Buluu na chungwa zinapatana kweli, sibishi. Ila van Gogh alikuwa anapaka rangi, hakuwa anapalilia. Ukimwiga kwa kupanda mpopi wa Mashariki, Papaver orientale, utapata wiki moja ya moto mkali, halafu Julai mpopi anajificha ardhini, mzee naye kamaliza, na wewe unamiliki shimo lenye jua zuri. Pachika hapo Verbena bonariensis: ni mrefu, lakini mwembamba kiasi kwamba jua linapenya bila kugonga mlango.

Ukiona yote haya ni usumbufu, kuna njia ya wakatili: mwache mzee aishi peke yake. Bustani ya Presby huko Montclair, New Jersey, iliyoanzishwa 1927, imepanda irisi vitanda kwa vitanda, na Mei watu huja kuzitazama. Nenda Agosti uone upanga wa majani ukitazamana na upanga mwenzake. Usiyakate hayo majani eti bustani ipendeze. Ndiyo yanayopika maua ya mwakani. Yakishazeeka na baridi ikibisha, hapo safisha kila kilichokauka. Nondo wa irisi wa Amerika Kaskazini, Macronoctua onusta, hutaga juu ya takataka hizo, na viwavi wake humtoboa mzee hadi shinani. Mpangaji mwenye kichaka kisichopitisha mkono wako ni mshirika wa mhalifu.

Jambo la mwisho ni nafasi ya kuweka mguu. Kila baada ya miaka mitatu hadi mitano, maua yakishapita, mzee anang'olewa, anakatwakatwa na kupandwa upya, la sivyo anajibana mwenyewe na kususa kuchanua. Aliyempakatia lavenda magotini atalazimika kukanyaga mmoja wao. Utapanda vipande vichache na kubaki na ndoo nzima ya vipande vingine. Mwaka wa kwanza majirani watavipokea kwa shukrani. Safari ya pili watazima taa ya barazani wakikuona unavuka barabara na mfuko.