Vumbi la Kulipia
Mwenye pesa akipanga likizo ya jangwa la Namib, hudai vumbi, hema na simba wa karibu, kisha huuliza kama hema lina maji ya moto. Wapagazi wa Kinyamwezi wa enzi za misafara walipata vyote hivyo, maji ya moto yakikosekana, huku pembe ya ndovu ikiwachuna bega hadi Bagamoyo. Tena wao ndio waliolipwa, kwa doti za kitambaa cha merikani. Utasema huyu kajitakia, wale walilazimika. Si wote: wengi walimhesabu kijana kuwa mwanamume akisharudi kutoka pwani. Utasema basi Kaliua, kwao Wanyamwezi hao, haina cha kutazama hata mtu aiache Namib. Hifadhi ya Taifa ya Mto Ugalla, iliyotangazwa mwaka 2019, ina simba na viboko, na treni ya Kigoma husimama Kaliua. Kasoro ni nauli tu: ndogo mno, haitambiki mbele ya majirani.