Heko, Folda Uliyomo!

Tunduma wanaijua hadhi ya mahali. Anayeambiwa "vuka mpaka, mlango wa tatu kushoto" akiwa Tunduma atatokea Nakonde, Zambia. Akiambiwa maneno hayohayo akiwa Nakonde, atatokea Tanzania. Simu iliyo Tunduma ikidaka mnara wa Zambia, hata saa hurudi nyuma saa moja nzima. Ndiyo maana mkoa huu wa Songwe, uliomegwa kutoka Mbeya mwaka 2016, ungefaa kuisimamishia sanamu folda ya sasa, yaani ile ambayo kompyuta huhesabu kwamba mtumiaji yumo anapoandika amri.

Kwanza ni nyenyekevu. Fundi anayesakinisha programu kwa mawakala wa forodha, wale wanaohangaikia malori ya barabara ya TANZAM, haifikirii kabisa. Lakini skripti ikiagizwa kunakili "data/mipangilio" bila anwani kamili inayoanzia kwenye mzizi wa diski, ni folda hiyo inayoamua data ya nani. Skripti iliyotii jana inagoma leo kwa kuwa imeitwa kutoka Downloads. Mwenye kompyuta atasema ni virusi.

Ukarimu wake je? Anayeita pip, kisakinishi cha vifurushi vya Python, kwa amri ya python -m pip huifanya Python ianze kutafuta moduli zake palepale aliposimama. Mwanafunzi aliyeacha humo zoezi lake likiitwa logging.py basi kapata heshima: faili lake linapokewa mahali pa moduli halisi, usakinishaji unaanguka, naye anashuku intaneti, pip, hata bando. Toleo la 3.11 la mwaka 2022 likaleta swichi ya -P ya kuuzima ukarimu huo. Wivu tu.

Utukufu wenyewe ulionekana Januari 2015. Skripti ya kuwasha Steam, programu ya michezo ya kompyuta, kwenye Linux ilikuwa na desturi ya kuingia kwenye folda ilimohifadhiwa, ili ijue anwani yake na kuiweka chini ya jina STEAMROOT. Mtumiaji mmoja alikuwa amehamisha folda yake ya Steam. Skripti ikashindwa kuingia, jibu likawa tupu. Mbele yake ilisubiri amri ya rm -rf "$STEAMROOT/"*, na utupu ule ukaigeuza kuwa agizo la kufuta kila kitu kuanzia kwenye mzizi. Yakaenda mafaili yote aliyokuwa na ruhusa nayo, pamoja na nakala za akiba kwenye diski ya nje iliyokuwa imechomekwa. Mwandishi wa skripti hakuwa mjinga: juu ya mstari huo alikuwa ameacha maoni ya neno moja, kwamba unatisha. Kisha akauacha.

Folda ya sasa haikukosa maadui. Kwenye Linux ya Debian, kisakinishi dpkg huzipeleka skripti za vifurushi kwenye mzizi kabla ya kuziendesha, popote alipo aliyetoa amri. npm, kisakinishi cha vifurushi vya JavaScript, huziendesha ndani ya folda ya kifurushi chenyewe, ila kwa adabu hukumbuka alikotoka mtu, katika kigeu cha INIT_CWD.

Waoga zaidi hufungua skripti zao kwa cd "$(dirname "$0")" || exit 1: ingia nyumbani kwako, ukishindwa acha kazi. Kipande hicho cha mwisho ndicho kilichokosekana kwenye Steam, na kwa wapenda msisimko kinaharibu kila kitu.