Ushamba na Faida Zake

Ushamba ni hali ya mtu kutambuliwa na mji kabla yeye hajautambua. Neno lenyewe lina asili ya heshima, kwani shamba ndilo linalolisha mji. Unguja hadi leo watu hugawa kisiwa pande mbili, mjini na shamba, na muhogo wa mjini haujaonekana bado. Hata hivyo ushamba umesemwa vibaya miaka mingi, na watetezi wake ni wachache, kwa sababu kila anayeujua vizuri hufanya haraka kuukana.

Ushamba wa daraja la kwanza ni ule wa mwanafunzi aliyetoka wilayani akaenda kusoma ng'ambo. Wilaya ya Kilosa, mkoani Morogoro, pamoja na mji wake wa Mikumi, huutoa ukiwa safi kabisa. Asidhani mtu kwamba ni kwa sababu ya kufichika. Reli ya Kati ilipita Kilosa enzi za Wajerumani, kabla haijafika Tabora mwaka 1912. Treni ya umeme, inayopenya mahandaki ya milima ya Kilosa, ilianza kubeba abiria hadi Dodoma Julai 2024. Barabara kuu ya kwenda Zambia inakata Hifadhi ya Mikumi kwa kilomita 50 hivi, na malori ya Kongo hayalali. Dunia nzima inapita huko. Inapita tu, haishuki. Kijana wa Mikumi huifahamu dunia kwa ubavu, kama lori lililompita, na akija kuikuta imesimama mbele yake hana budi kuduwaa.

Ng'ambo, ushamba huanza usiku wa kwanza, ukutani. Tanzania ilirithi plagi ya Kiingereza yenye pini tatu bapa; Ujerumani, Urusi na Uturuki zina matundu mawili ya duara. Simu inazimika, na Kilosa mama anauliza kila baada ya nusu saa kama mtoto amefika. Hapo ushamba hutoa faida yake ya kwanza: mwanafunzi hulazimika kutoka chumbani, kusimama mlangoni pa mtu asiyemjua na kusema hodi, neno ambalo korido ile haijapata kulisikia. Chaja hupatikana, na jirani pia. Mjanja aliyefungasha kila kitu kutoka Dar es Salaam anaweza kumaliza muhula bila kumjua jirani huyo hata kwa jina.

Faida ya pili iko jikoni, nayo ni kubwa zaidi. Umoja wa Ulaya humkataza abiria kuingia na nyama au maziwa kutoka nchi kama Tanzania, lakini humruhusu samaki wa kula mwenyewe hadi kilo 20. Kwa hiyo dagaa ni raia halali. Shangazi aliyewafunga katika mifuko mitatu ya plastiki hakusoma sheria hiyo; alifuata silika, na silika ikawa sahihi. Tatizo huja siku ya tatu, mwanafunzi anapowakaanga kwa moto mkali huku mlango wa jiko umefungwa ili harufu isiwaudhi watu. King'ora cha moshi kinalia. Jengo zima linashuka ngazi, wengine na taulo, wengine na paka, na kila mmoja anauliza ni nani. Hakuna hafla ya kuwakaribisha wageni iliyowahi kumtambulisha mwanafunzi kwa watu wengi kiasi hicho kwa dakika tano.

Kisha kuna saa. Hesabu ya Kiswahili imejengwa juu ya jua la karibu na ikweta, linalochomoza saa kumi na mbili na kuzama saa kumi na mbili, likikosea kidogo tu mwaka mzima. Edinburgh, ambako Julius Nyerere alikwenda kusoma mwaka 1949 akiwa na miaka 27, jua la Desemba huzama kabla ya saa kumi alasiri, na la Juni huchelewa hadi watoto wamelala. Mwanafunzi aliyeandikiwa miadi ya saa 3 alasiri kwa hesabu ya Kizungu hufika saa tatu asubuhi. Alifundishwa saa za Kiingereza shuleni, ni kweli, lakini hofu haina Kiingereza. Katika saa sita anazokaa kwenye benchi huona ni mlango upi unafunguka, karani yupi ana huruma, na foleni ipi ni ya bure. Wenyeji huhitaji miaka kujua hayo, na wengi hawayajui.

Ushamba una upande mwingine ambao hautajwi. Mwaka 1957 mwanafunzi Mmarekani, T. O. Beidelman, alifika Ukaguru, wakati huo ikiwa katika wilaya ya Kilosa, akaanza kuuliza watu mjomba ni nani na ukoo hupitia kwa nani. Kwa Wakaguru, ambao hufuata ukoo wa mama, hayo hata mtoto anayajua. Vilitoka vitabu kadhaa. Tangu miaka ya 1970 watafiti wa kigeni wamekaa juani Mikumi wakiwatazama nyani, na nyani wakiwatazama wao. Kuuliza lililo wazi kunaitwa ushamba kukifanywa na kijana wa Kilosa huko Ulaya. Kukifanywa na Mzungu Kilosa kunaitwa utafiti, na hulipiwa. Haki ingetaka wote wawili walipwe.

Kasoro ya ushamba ni moja: haudumu. Salamu ndizo hufa kwanza. Aliyeamkia basi zima wiki ya kwanza, wiki ya nne anakaa dirishani na visikio masikioni. Kilosa alijua kwamba reli ni kitu ambacho mto Mkondoa unaweza kukichukua, kama mafuriko ya mwishoni mwa 2009 yalivyofanya. Sasa anasonya treni ikichelewa dakika mbili. Amekuwa mtu wa mjini, na hakuna anachokiona tena.

Bahati nzuri kuna likizo. Nchi nyingi za Ulaya huendesha magari upande wa kulia, na miezi kumi inatosha kuifundisha shingo kugeuka kushoto kabla ya kuvuka. Katika hifadhi ya Mikumi vibao humtajia dereva faini ya kugonga mnyama, kila mnyama na bei yake. Mwanafunzi hayumo. Anashuka basi stendi ya Mikumi na mabegi yake, anaangalia kushoto, anaona barabara nyeupe, anakanyaga lami. Malori ya Zambia hutokea kulia.