Peugeot ya Baba Mkwe Yaingia Jikoni

Mume wangu alirithi vitu vitatu kwa baba yake: kipara, redio ya mbao isiyoshika stesheni yoyote, na Peugeot 404. Kipara alikipokea kwa shingo upande, redio akaipandisha juu ya kabati, na gari akaliacha uani chini ya mwembe, pale pale marehemu alipoliegesha mara ya mwisho. Sisi ni watu wa Tanga, na upepo wa bahari hauna huruma na bati. Mwaka hadi mwaka gari lilizidi kuwa jekundu bila kupigwa rangi. Kuku wa mama mkwe walihamia kiti cha nyuma, wakataga na kuatamia humo, ikawa anayetaka mayai hafungui banda, anafungua mlango wa Peugeot.

Amani hiyo ilivunjwa na mnunuzi wa vyuma chakavu. Aliingia uani na mizani yake, akalizunguka gari, akaligonga gonga kwa ukucha, kisha akataja bei kwa kilo. Mimi nilikuwa tayari hata kumsaidia kusukuma. Wanangu wakakataa. Kifungua mimba, binti anayesoma chuo cha ufundi, na kitinda mimba, mvulana wa kidato cha pili, walipanda juu ya boneti wakasema babu yao hauzwi kwa kilo.

Baba yao hapo akapata pa kuhutubia. "Mnajua hili ni gari gani? Mwaka 1963 Peugeot 404 ilishinda Safari Rally. Magari 84 yaliondoka, yakafika 7 tu! Ikashinda tena 1966 na 1967, na dereva alikuwa Bert Shankland, mkazi wa hapa hapa Tanzania. Ikarudia 1968."

"Hili hili, baba?" akauliza kitinda mimba.

"Ndugu zake," akajibu, na mnunuzi akafunga mizani yake akaenda zake.

Hukumu ikatoka jioni ile: watoto watalitengeneza gari la babu yao, kwa masharti mawili. Masomo yasishuke, na pesa ya nyumba isiguswe hata senti moja. Hilo la pili ndilo lililonitia umaskini. Vijana wasio na pesa hutengeneza gari kwa vitu vya mama yao.

Ilianza na siki. Siku tuliyokuwa na wageni nilikatakata kachumbari, nikanyoosha mkono kabatini, chupa hakuna. Nikaikuta uani, imemiminwa yote kwenye kopo la maziwa, na ndani yake zimelala nati na bolti za Peugeot. Binti akanieleza kwa upole wa daktari kwamba siki hula kutu, kwamba bolti zikitoka humo huoshwa kwa maji ya magadi ili ukali uishe, kisha hupakwa oili haraka kabla kutu haijarudi. Akainua moja kunionyesha. Kweli, ilikuwa imetakata, mistari yake inahesabika. Wageni wakala kachumbari kavu.

Likafuata sufuria langu la pilau. Kitinda mimba alikuwa ameshusha kabureta, lile la Solex, akalikuta limejaa utelezi mzito wa kahawia, maana petroli ikikaa miaka hugeuka ulimbo. Akalichemsha ndani ya sufuria lile kwa maji na sabuni ya vyombo, jikoni kwangu, juu ya gesi yangu. Nilipoingia na mwiko mkononi alikuwa ameinamia kijitundu chembamba kuliko tundu la sindano, anakipekua kwa chelewa alilochomoa kwenye ufagio wa bibi yake.

"Kwa nini usitumie waya, ukaniachia ufagio?"

"Waya ni mgumu, mama, utapanua tundu. Tundu likipanuka gari linakunywa mafuta. Chelewa ni laini."

Ufagio ule ulimalizika kidogo kidogo, na pilau la Ijumaa iliyofuata lilinukia karafuu, mdalasini na gereji.

Lakini kisa kilichotikisa nyumba ni cha beseni. Kwa vyuma vikubwa visivyoweza kulazwa kwenye siki, binti alikuja na dawa ya chuo. Unajaza maji, unakoroga magadi ya kufulia, unatumbukiza chuma chenye kutu na kukifunga waya hasi wa chaja ya betri, kisha waya chanya unaufunga kwenye chuma kingine cha kutupa. Umeme ukipita, kutu huachia chuma chenyewe. Walifanyia mambo hayo kwenye ukumbi wa nyuma, kwa beseni langu la kufulia. LUKU ilianza kuisha kabla ya wakati, nikadhani majirani wametuchomekea waya.

Kile chuma cha kutupa, kwa siku ya kwanza, kilikuwa uma zangu za wageni. Binti alipotoka chuo akazikuta, akamgombeza mdogo wake mpaka nikamwonea huruma. Uma zile hazishiki kutu kwa sababu zimechanganywa na kromiamu, na kromiamu ikichanganuliwa kwa umeme namna ile huacha sumu kwenye maji. Uma zikazikwa, zikawekwa nondo. Bado nakula na wageni wangu kwa vijiko.

Sasa jioni ya Alhamisi mama mkwe hufukiza nyumba. Huwasha chetezo, huweka udi, hupita chumba hadi chumba akisoma nyiradi zake. Alipokaribia mlango wa nyuma, beseni linatoa povu, mjukuu wake alipiga ukelele: "Bibi, usije! Rudi na moto wako!"

Bibi akasimama. Miaka yote aliyoishi kwenye nyumba ile hajawahi kufukuzwa. Akaketi sebuleni, chetezo mbele yake, akasema atarudi kwao Pangani, kwa ndugu zake wanaojua thamani ya mtu mzima. Ikabidi binti apige magoti, amweleze kwamba lile povu ni hewa ya haidrojeni, inashika moto na kulipuka, na kwamba hawakumfukuza bali walimwokoa. Bibi akasikiliza, kisha akatoa fatwa yake: "Hewa inayolipuka hukaa nje. Udi hukaa ndani." Beseni likahamia chini ya mwembe, mahali palipokuwa pake tangu mwanzo, na umeme ukavutwa kwa waya mrefu.

Baba watoto, alipoona mambo yamenoga, akamleta fundi wa gereji bubu iliyo mtaa wa pili, aje kuwaangalia wanafunzi. Fundi akafungua boneti, akaguna. "Hapa maunti zimekufa. Injini imelala upande."

"Imelazwa na kiwanda, fundi," akasema binti. "Nyuzi 45, ili boneti liwe chini." Akamfungulia kitabu cha babu yake chenye alama za vidole vya grisi. Fundi akasema vitabu ni vya Wazungu, yeye ana uzoefu. Wakahamia nyuma ya gari, na hapo ndipo palipozaliwa ugomvi wa mafuta.

Difu ya 404 si kama ya magari mengi. Badala ya gia mbili za chuma, ina skurubu nene ya chuma inayozungusha gurudumu lenye meno ya aloi ya shaba. Fundi alitaka kumimina oili ya difu ya kawaida. Binti akakataa katakata: oili hizo nyingi zina dawa za salfa, na salfa hula shaba. Peugeot wenyewe walielekeza oili iliyotengenezwa kwa mbegu za mbarika, haya mafuta ya nyonyo tunayopaka nywele. Fundi akacheka mpaka akakaa chini. "Gari lisukwe nywele?"

Wiki hiyo hiyo wifi yangu aliingia kutoka Muheza, kwa sababu binti yake alikuwa anachumbiwa na posa ingepokelewa kwetu, kwa mjomba. Alikuja na ndoo ya maembe na chupa kadhaa za mafuta ya nyonyo, safi, mazito, ya kumtengenezea bibi harusi mtarajiwa nywele. Sina haja ya kusema yaliingia wapi. Nilimsikia wifi akiita kutoka chumbani, mara ya kwanza kwa upole, mara ya pili kwa jina langu kamili.

Washenga walifika Jumamosi alasiri, kanzu zimepigwa pasi. Watoto walikuwa wameapa kutoliwasha gari mpaka wageni waondoke. Kiapo kilivunjwa na kiongozi wa washenga mwenyewe. Mzee yule alipopita uani akasimama ghafla, akavua kofia. "Pijo! Nimeendesha gari kama hili ujana wangu wote. Enzi zile za shida ya mafuta, Jumapili mchana magari ya watu binafsi hayaruhusiwi barabarani, tulikuwa tunaiosha tu na kuitazama. Inawaka?"

Kitinda mimba hakungoja kuulizwa tena. Akachomeka hendeli mbele, akazungusha. Gari likakohoa, likanyamaza. Akazungusha tena. Likakohoa, likapiga kishindo, likawaka. Moshi mweupe ukatoka, ukala kanga zangu zilizoanikwa, ukafuata kuku, ukaingia dirishani hadi sebuleni kwenye trei ya posa. Kina mama wakatoka wakikohoa na wengine wakipiga vigelegele, maana hakuna aliyejua lipi linafaa.

Mzee akapiga magoti na kanzu yake nyeupe, akaingiza mkono nyuma chini ya gari, akagusa kizibo cha difu, akanusa kidole. "Nyonyo," akasema. "Nani kawafundisha?"

"Kitabu cha babu," akajibu binti yangu.

"Basi babu yenu alikuwa mtu." Fundi wa gereji bubu, aliyekuja kula maandazi, alitazama mwembe kana kwamba haujui. Wifi akadai chupa zake hadharani. Mzee akaahidi kumnunulia mara mbili, kwa sharti bibi harusi apelekwe kwa gari lile. Mahari ikapita bila kukatwa hata shilingi.

Akaweka na sharti lake la pili, na hilo ndilo la maana kuliko yote: gari lisivuke geti mpaka mipira yote ya breki ibadilishwe, maana mpira uliokaa miaka hukakamaa na breki husaliti mtu mteremkoni. Mipira ya breki haichemshwi jikoni wala haipatikani kwenye kabati la viungo. Baba watoto akakuna kipara chake, akatoa pesa. Harusini Peugeot ilimpeleka bibi harusi salama hadi Raskazone. Honi tu ndiyo iliyogoma kunyamaza kuanzia Makorora, na watu wakaitafsiri kuwa furaha.

Magari ya namna hii yamejaa kwenye nyumba zetu, yamefunikwa turubai au yamegeuzwa mabanda, na mwenye mizani anapita kila wiki. Ndugu msomaji, kabla hujamwitikia, waulize vijana wako kwanza. Binti yangu alikuwa amesoma kutu ubaoni. Sasa ameiondoa kwa mikono yake, na fundi wa mtaa wa pili humwita kila akipata gari asilolielewa. Ila ukiwapa gari, wape na bajeti, hata iwe ndogo, ya siki yao, magadi yao, beseni lao na uniti zao za umeme. Breki usizifanyie ubahili. Na mafuta ya wifi yafungie kabatini, ufunguo ukae nao mwenyewe.