Nyoka Mwenye Kwato

Maziwa yakipungua katika boma la Isiolo, lawama hupanga foleni. Wa kwanza kushtakiwa ni malisho. Wa pili ni mchungaji. Wa tatu, hasa ikiwa mchungaji ana ndugu wengi wa kumtetea, ni nyoka.

Mwalimu mmoja mstaafu wa Bulla Pesa, mwenye boma dogo upande wa Burat, aliifuata foleni hiyo bila kumruka mtu. Ukame ulioanza mwishoni mwa 2020 na kumeza misimu mitano ya mvua mfululizo ulikuwa umemwachia ng'ombe wachache wa Kiborana, wale wenye nundu na subira. Mvua iliporudi, akachanga kiinua mgongo chake na kupanda Timau, penye baridi na nyasi, akarudi na ng'ombe wa gredi mwenye mabaka meusi na meupe. Akampa jina la alikotoka. Timau alikamwa kwa ndoo, wale wa Kiborana kwa gorfa, kile chombo cha kusukwa kinachofukizwa moshi hadi maziwa yapate ladha yake. Kwa muda mfupi mwalimu alijiona mfugaji wa kisasa na wa kiasili kwa wakati mmoja.

Kisha gorfa zikaanza kurudi nusu. Kulikuwa na ng'ombe mmoja mwekundu aliyezoea kutoa lita mbili asubuhi. Sasa alitoa kikombe, na kwa manung'uniko.

Malisho yakachunguzwa yakaonekana hayana hatia. Nyasi zilikuwa zinafika magotini. Mchungaji akaitwa, kijana mpole, akaapa kwamba maziwa mabichi humvuruga tumbo na kwamba tangu utotoni yeye ni mtu wa chai ya rangi. Ushahidi huo uliwashangaza majirani kuliko wizi wenyewe. Mtu wa Isiolo asiyekunywa maziwa!

Akabaki nyoka. Imani kwamba nyoka hujisokota kwenye mguu wa ng'ombe usiku na kunyonya imeenea pembe nyingi za dunia, na huko Marekani yupo nyoka anayeitwa kwa jina la maziwa hadi leo kwa sababu ya shutuma hiyo hiyo. Masikini nyoka hana midomo laini wala mashavu ya kuvutia kitu, na meno yake ni sindano tupu. Ng'ombe aliyeumwa chuchu kwa meno ya namna hiyo hangetulia acheue. Lakini jaribu kumtetea nyoka mbele ya wazee wenye fimbo.

Ukapangwa ulinzi. Mwalimu na mchungaji wakajibanza nje ya ua wa miiba, tochi imezimwa, mbu wakijilia bure. Usiku ulipokolea ikasikika sauti ya kufyonza, nzito, yenye mpangilio, isiyo ya ndama. Mchungaji akawasha tochi. Timau, ng'ombe mzima mwenye kilo zake, ambaye mwenyewe alikuwa akikamwa asubuhi na jioni, alikuwa amepinda shingo katikati ya miguu ya nyuma ya yule mwekundu, povu jeupe limejaa mdomoni.

"Mwalimu," kijana akasema taratibu, kwa sauti ya mtu aliyesafishwa jina, "nyoka mwenyewe ana kwato."

Lililomuudhi mwalimu zaidi lilikuwa utulivu wa aliyeibiwa. Mwekundu alikuwa anacheua, macho nusu yamefumbwa. Kiwele kilichojaa humsumbua ng'ombe, na anayekipunguza hapigwi teke, awe mtoto wake au la. Mwalimu, aliyesimamia mitihani miaka mingi, alijua kunakili hakukamiliki mpaka wa pili asogeze karatasi.

Kufikia adhuhuri habari zilikuwa zimefika mjini na kuongezewa chumvi. Si kwamba watu wa huku hushangaa upesi. Hapo ng'ambo ya Ewaso Nyiro, katika hifadhi ya Samburu, mwaka 2002 simba jike aliyeitwa Kamunyak, yaani aliyebarikiwa, alimchukua ndama wa choroa akatembea naye kama mwanawe badala ya kumla, na alipompoteza akachukua wengine. Wazee waliolizungumza jambo hilo kwa heshima walilicheka la Timau hadi machozi. Simba kulea choroa ni maajabu. Ng'ombe wa mwalimu kunyonya ng'ombe wa mwalimu ni ukosefu wa nidhamu nyumbani.

Ushauri ukaja bila kuitwa, kila mmoja na dawa yake. Wa kwanza akasema chuchu zipakwe mavi ya ng'ombe. Zikapakwa, na asubuhi mkamaji akatumia nusu ya maji ya nyumba kuziosha. Wa pili akaleta shubiri, chungu kiasi cha kumfanya mtu asahau jina lake; Timau alikunja uso, akaendelea. Wa tatu akaleta pilipili. Hiyo ilifanya kazi kikamilifu kwa ndama wa mwekundu, aliyegoma kunyonya mama yake, na kwa mkamaji, aliyejipangusa jicho. Kwa Timau ilikuwa kiungo.

Ndipo akaja mama mmoja wa Kisomali anayefanya biashara ya maziwa ya ngamia. Hawa si watu wa kupuuzwa. Akina mama wa Isiolo, wakiwemo wa ushirika wa Anolei, hukusanya maziwa kutoka malishoni, wakayapakia kwenye mabasi, yakanyweka Eastleigh, Nairobi. Mtu anayeuza maziwa umbali wote huo anajua kuyalinda. Akaeleza wanavyofanya kwa ngamia: chuchu hufungwa kwa vikamba laini, ndama asizimalize mchana, zikafunguliwa wakati wa kukama. Mwalimu akashukuru, akajaribu. Lakini chuchu za mwekundu ni fupi na nene. Kamba ikilegea inaanguka. Ikikazwa, damu inasimama. Mama akaitazama kazi yake, akasema kwa upole, "Mwalimu, wewe endelea na Kiswahili."

Ikabaki miiba. Hii ni teknolojia ya kale, na E. E. Evans-Pritchard, katika kitabu chake cha 1940 kuhusu Wanuer wa Sudan Kusini, aliieleza: ndama huvishwa pete ya miiba puani, hula nyasi vizuri, ila akisogelea kiwele humchoma mama, naye mama hutoa hukumu kwa mguu. Siku hizi miiba hiyo huuzwa dukani ikiwa ya plastiki au chuma. Mwalimu akaingia agroveti mjini, akaomba kifaa cha kuzuia kunyonya.

"Cha ndama?" kijana wa kaunta akauliza.

"Cha mtu mzima."

Duka zima likageuka.

Kifaa kilifanya kazi vizuri mwanzoni. Mwekundu alichomwa, akarusha teke, na usingizi ukarudi bomani. Kisha Timau akagundua kwamba akiinua kichwa kwa ghafla, chuma hupinduka na kulala juu ya pua, na kwamba baada ya hapo maisha huendelea kama kawaida. Hapo hata mwalimu alikiri kwamba katika darasa lake angempa nafasi ya kwanza.

Daktari wa mifugo alipokuja hakucheka, na hilo peke yake lilimtia mwalimu hofu. Akaanza na hatari. Baada ya kunyonywa au kukamwa, mlango wa chuchu hukaa wazi kwa muda wa nusu saa hivi, vijidudu vikaingia, na ugonjwa wa kiwele ukafuata. Mtamba anayenyonywa kabla hajazaa anaweza kupoteza sehemu ya kiwele asiwahi kuitumia maishani. Baya zaidi ni ng'ombe mwenye mimba kubwa: mnyonyaji mzima humaliza dang'a kabla ya mwenye dang'a kuzaliwa, na ndama anayekosa dang'a saa za mwanzo huingia duniani bila kinga. Kumbe kikombe cha chai kilichokosekana kilikuwa hasara ndogo kuliko zote.

Kisha akauliza Timau alilelewaje. Kwa ndoo, bila shaka, kama ndama wengi wa gredi. Na hapo ndipo kesi ilipopinda. Ndama anayenywa kwenye ndoo humaliza maziwa yake kwa dakika moja au mbili, tumbo linajaa, lakini hamu ya kunyonya, inayoamshwa na ladha ile ile ya maziwa, hubaki imewaka kwa dakika kama kumi. Hamu hiyo lazima itue mahali. Hutua kwenye sikio la mwenzake, kwenye kitovu, kwenye chuchu ambazo bado ni vipele. Wengi huacha wakikua. Wachache huhitimu nayo, na watafiti wa Uswisi walioifuatilia tabia hii kwa mitamba na ng'ombe wakubwa waliitafuta mizizi yake huko huko utotoni.

Mzee wa Kiborana aliyekuwa ameegemea ua, ambaye hakuwa ameshauri lolote siku zote hizo, akasafisha koo. Kwao ng'ombe hateremshi maziwa vizuri asipomwona ndama wake. Ndama huanza kunyonya, hufungwa karibu, binadamu huchukua fungu lake, ndama humalizia. "Nyinyi mlimnyima titi akiwa mdogo," akasema, "sasa amejitafutia mwenyewe. Mnamwita mwizi?"

Ushauri wa vitabu kwa mnyonyaji sugu ni kumwondoa kundini, na mchinjaji mmoja alikuwa amekwisha kupita mara kadhaa kumjulia Timau hali, kwa upendo uliotia shaka. Lakini mwalimu alipiga hesabu. Mwizi huyu ndiye aliyekuwa akitoa maziwa mengi kuliko ng'ombe wengine wote kwa pamoja. Katika nchi hii wapo waliobaki kazini kwa sababu dhaifu zaidi.

Basi akahamishiwa ua wa pili, akaishi na maksai wawili wanaonenepeshwa kwa soko. Hawana cha kuibiwa. Siku za kwanza walionekana wakitembea wameubana ukuta, kisha wakazoea.

Timau alipozaa, alizaa ndama jike. Mwalimu akarudi agroveti, safari hii kifua mbele, akanunua ndoo yenye chuchu ya mpira. Amri mpya zikatangazwa: ndama anyonye polepole, akimaliza apewe nyasi kavu za kutafuna, na asiachwe karibu na wenzake mpaka hamu itulie. Zamu zote alipewa mchungaji, ambaye sasa husimama asubuhi na jioni ameshika ndoo, ndama akivuta, akipumzika, akitazama ndege, akivuta tena.

Mwisho wa mwezi kijana alikuja na madai mawili. La kwanza, nyongeza ya mshahara, kwa kuwa kazi ya uyaya haikuwa kwenye mapatano. La pili, fidia ya kuitwa mwizi.

Mwalimu alikubali la kwanza. Kuhusu la pili, wanajadiliana kwa idadi ya mbuzi.