Tumpe Tapeli Haki Yake

Kuna mtu mmoja katika nchi hii hajawahi kusifiwa hadharani, na mimi naona anadhulumiwa. Wachekeshaji wanamwigiza, polisi wanamsaka, mashangazi wanatishia kumtumia radi kutoka Sumbawanga. Hawa wa radi wangejisumbua bure: ripoti za Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania, TCRA, zimeutaja mkoa wa Rukwa, iliko Sumbawanga yenyewe, mara kadhaa, pamoja na Morogoro, katika mikoa inayoongoza kwa majaribio ya utapeli wa simu. Radi ingekuwa inarudishwa nyumbani kwao. Ninayemsema ni yule wa meseji ya "ile hela nitumie kwenye namba hii". Ni wengi, najua, lakini wanaandika kwa mkono mmoja, kwa hiyo nitamsifu kama mtu mmoja.

Nianze na ufundi wake, maana mimi kazi yangu ni maneno na namwonea wivu. Isomeni taratibu: "Ile hela nitumie kwenye namba hii, ile nyingine ina deni. Jina litakuja..." halafu jina la mtu. Basi. Hakuna salamu, kwa sababu anayedai hana muda wa kusalimia. Hajitambulishi, kwa sababu mdaiwa hatakiwi kumsahau mdai wake. Kiasi hakitaji. Angeandika laki na nusu angempata mmoja katika elfu. Amenyamaza, na kila mwenye deni anajaza mwenyewe pale palipoachwa wazi. Nimehariri makala za watu wenye shahada ambao hawajui kuacha jambo moja bila kulisema. Huyu bwana aliyepanga chumba huko Ifakara ameliweza kwa mstari mmoja, tena kwa kidole gumba.

Na anajua anaandikia nani. Mtaani kwetu nani hadaiwi? Kuna kodi ya miezi mitatu, ahadi ya harusi uliyoitoa mbele za watu kwa sauti kubwa, zamu ya upatu, ada iliyobaki nusu, fundi wa geti aliyemaliza kazi na hajamaliziwa hela. Yeye hatungi uongo wowote. Anaomba alipwe badala ya mwingine.

Zipo kazi zake nyingine, nazo hazikosi ustadi. Kuna ya mwalimu: mwanao ameanguka bwenini, tuko hospitali, tuma elfu themanini ya kipimo haraka. Mzazi anatuma, na hapo sifa siyo ya tapeli peke yake, maana uongo huo ungekufa siku ileile kama tusingezoea kulipia kwanza ndipo daktari atugeukie. Kuna ya Freemason, inayomwahidi utajiri mtu asiye na nauli ya kwenda kuufuata. Kuna ya kijana mwenye sauti ya ofisini anayejitambulisha kuwa ni huduma kwa wateja, ingawa TCRA imeshatangaza mpaka imechoka kwamba huduma kwa wateja hupiga kwa namba moja tu, 100. Anaongea Kiswahili fasaha, hakuweki kwenye muziki dakika ishirini, wala hakuambii mfumo uko chini. Watu wamempa namba ya siri kwa furaha ya kuhudumiwa tu.

Wazee watakumbuka tapeli wa zamani. Alikuwa pale Kariakoo au stendi ya Ubungo, anauza boksi la simu lenye kipande cha sabuni ndani. Kazi ile ilitaka sura, mdomo na mbio. Pesa za kijijini zilikwenda kwa bahasha mkononi mwa kondakta wa basi, na kuziiba ilibidi uwe kondakta. Kisha mwaka 2007 Kenya wakaanza M-Pesa, mwaka uliofuata ikafika kwetu, na hela ikawa inasafiri bila bahasha. Mwizi naye akaacha kukimbia. Wakenya wana msemo kwamba simu za namna hii zinatoka gereza la Kamiti. Maana yake hata aliyefungiwa ndani anaweza kuendelea na shughuli zake za nje, jambo ambalo sisi tulio huru hutushinda tukikosa bando.

Tumshukuru pia kwa kufufua ujirani. Namjua mzee mmoja mwenye nyumba ya kupangisha Sinza, yeye mwenyewe anakaa Mbagala. Alibadilisha laini, akamwandikia mpangaji wake kwamba kodi sasa itumwe kwenye namba hii. Akajibiwa matusi ambayo mzee wa miaka sabini hapaswi kuyasoma bila miwani. Ikabidi apande daladala mbili. Kufika, mpangaji akainama, "Shikamoo baba, nisamehe, nilijua wale wezi." Chai ikaja. Na kwa kuwa mzee alikuwa pale, kwa mara ya kwanza tangu masika akaoneshwa bomba la jikoni linalovuja. Akalitazama. Hakulitengeneza, lakini amelitazama.

Sasa wanaouliza kwa uchungu "namba yangu kaipata wapi?" wananishangaza. Nendeni kwenye kibanda chochote cha wakala, mkatoe hela. Pale kaunta kuna daftari kubwa limefunuliwa. Unaandika tarehe, jina, namba ya simu, namba ya kitambulisho, kiasi, unatia sahihi. Unapoandika, jicho lako liko kwenye mstari wa juu: mama fulani, ametoa laki nne na themanini saa nne asubuhi, mwandiko mzuri wa shule za misheni, namba yake yote tarakimu kumi. Anayekuja nyuma yako atakusoma wewe. Na ile peni ya kuandikia imefungwa kwa kamba kwenye msumari, kwa sababu peni huibwa.

Gesti ni hivyohivyo: jina, kabila, utokako, uendako, na daftari linalala mapokezi, wazi, mhudumu akiwa ameenda kununua vocha. Steshenari kitambulisho chako kinaskaniwa kikabaki kwenye kompyuta ya duka, katikati ya kadi za harusi na CV za watoto wa watu. Siku hizi karanga za kufunga huja kwenye fomu za mikopo zilizojazwa. Unatafuna huku unasoma mshahara wa mtu. Kwenye kundi la WhatsApp la kamati ya harusi, kila jioni mhazini anabandika orodha yenye majina, ahadi, aliyelipa na anayedaiwa. Tapeli akiingia humo hana haja ya kubahatisha tena, deni lako lina jina na tarehe. Halafu siku ya kuzaliwa tunaandika mwaka tuliozaliwa chini ya picha ya keki, na mwaka huohuo ndio namba ya siri. Huyu mtu hajatuibia taarifa. Kazisikiliza tu, na katika nyumba nyingi hakuna mwingine anayesikiliza.

Ana stara pia, hasa ukimlinganisha na zile programu za mikopo ya mtandaoni. Umekopa elfu hamsini, programu ikaomba ruhusa ya kuona majina yote kwenye simu yako, ukabonyeza kubali bila kusoma. Ukichelewa siku mbili, bosi wako, mama mkwe na fundi wa friji wanapokea ujumbe kwamba umekimbia deni na wao ndio wadhamini wako. Novemba 2024 Benki Kuu ilitoa orodha ya majukwaa na programu 69 za kukopesha zisizo na leseni na kuwatahadharisha wananchi. Tapeli wangu hajawahi kumwandikia mama mkwe wa mtu. Akikukosa anakuacha, akikupata inabaki siri yenu wawili, na wewe ndiye unayeificha kuliko yeye.

Ameajiri watu pia. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015 isingekuwa na kazi nyingi bila yeye. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ilipitishwa 2022, ikaanza kutumika Mei 2023, ikaundiwa tume yake, na wengi waliowahi kuisikia waliisikia baada ya kulizwa. Kuna namba ya kumshitaki: unatuma neno UTAPELI kwenda 15040, unaulizwa namba yake, unaituma. Wachora mabango, watangazaji wa redio, waandaaji wa semina zenye chai na sambusa, wote wana familia zinazokula kwa jina lake. Hata mimi makala hii nitalipwa.

Lakini adabu yake kubwa iko kwenye yale maneno mawili: jina litakuja. Anakuandaa. Anajua kabla hujathibitisha muamala simu itakuonesha jina la mwenye namba, na hataki ushtuke. Jina hilo si lake. Ni la mtu halisi mwenye kitambulisho cha taifa cha NIDA, aliyepanga foleni mwaka 2019 tulipoambiwa tusajili laini kwa alama za vidole, au aliyesubiri mpaka ile siku ya mwisho ya tarehe 20 Januari 2020, jua la utosi, kijana wa usajili amekaa chini ya mwavuli na kimashine chake. Akaweka kidole. Kijana akatazama, akakunja uso. "Haijasoma, mama. Weka tena." Akaweka tena, akashukuru, akaenda zake na laini moja. Kidole kilikuwa kimesoma mara ya kwanza, na cha pili kikasajili laini aliyoondoka nayo kijana.

Ndiyo maana polisi wakimfuata tapeli kwa jina hujikuta kwenye uwanja wa bibi anayeanika mihogo, anawaamkua vizuri na hajui kusoma meseji. Kipimo kipo, ni cha bure: piga *106#, utaoneshwa laini zilizosajiliwa kwa kitambulisho chako. Ukikuta namba usiyoijua, usikasirike kwanza. Mahali fulani kuna mtu anaombwa kodi kwa jina lako, na jina hilo limeandikwa sawasawa, herufi zote, wakati kwenye kitambulisho chenyewe NIDA walikukosea.